Makombo ya Bibi Harusi

Wanawake wa kliniki walimwita Mama Mizani, na jina lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Kazi yake ilikuwa kupima watoto wachanga. Anamvua mtoto nguo, anamtia kwenye mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili ya miguu, anauning'iniza mfuko kwenye ndoano, mtoto analia weee, mshale unatulia, basi, ashuke, mwingine apande. Mama wa mtoto anaweza kuapa kwamba mwanawe amenenepa, na bibi akaongeza chumvi zake hapo, lakini Mama Mizani anausubiri mshale. Hakuwa mkali hata kidogo. Ila alishaona mara nyingi jinsi jicho la mzazi linavyomdanganya mzazi mwenyewe, na tangu hapo macho hakuyaamini, yake yakiwemo.

Nyumbani kwake kulikuwa na ugomvi, ule wa kimya kimya ambao watu wanapakuliana chakula huku kila mmoja anajua. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kondoo.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mikono mizuri na mipango mingi. Miaka michache nyuma alinunua kondoo wa mbegu ya kisasa, weupe, warefu wa mgongo, wenye miguu kama ya meza, akawapenda mno. Mama yake naye alikuwa na wake. Alipofiwa na mumewe na kuja kuishi kwa mwanawe, alishuka garini na sanduku, kiti cha kukunja, na majike kadhaa ya kondoo wa kienyeji: wafupi, wekundu, na mikia yao minene ya mafuta ikining'inia nyuma kama mifuko iliyosahauliwa. Vitu vingine vyote vya maisha yake ya ndoa vilibaki kule alikotoka. Kondoo hao aliwalea yeye na marehemu tangu walipooana, kizazi baada ya kizazi, na jioni akikaa nao alikuwa akiwapapasa mikia mmoja mmoja, taratibu.

Zamani wote walilishwa uwanjani nyuma ya nyumba. Uwanja ukajengwa. Sasa kila kilicholiwa zizini kilinunuliwa, majani makavu, pumba na mashudu, na stoo iliyokuwepo iliweza kubeba chakula cha kundi moja tu mpaka mvua zirudi. Fundi alilipeleka neno hilo kwa mama yake kwa upole wote aliokuwa nao. Alizunguka wee, akaanza na bei ya mashudu, akapita kwenye hali ya hewa, mwishowe akafika: wauzwe wale wadogo, wabaki wale wanaokua.

"Mtakavyoona, wanangu," mama akajibu, akainuka kwenda kuwaangalia kondoo wake.

Mama Mizani ndiye aliyeona ule mgongo ukitoka mlangoni. Alikuwa na deni la moyo kwa huyu mama. Alipojifungua binti yake, alikuwa mgonjwa, amekonda, maziwa hayatoki, na huyu mama mkwe ndiye aliyemshika kama yai. Binti sasa alikuwa anasoma shule, mashavu kama maandazi, na Mama Mizani hakusahau. Angependa kusimama mlangoni aseme kondoo wa mama hawauzwi, mjadala umefungwa. Lakini stoo ni stoo. Huwezi kuilisha huruma.

"Tuwapime kwanza," akamwambia mumewe. "Unasema wako wanakua. Umewapima?"

"Si unawaona?"

"Nimekuuliza kama umewapima."

Fundi akacheka, maana alijua ameoa nani. Wakakubaliana: wanakondoo walioachishwa kunyonya karibuni watapimwa, wao na chakula chao, mpaka msimu uishe. Watakaoshinda watabaki na mama zao. Watakaoshindwa, wao na ukoo wao, wataenda mnadani. Mama alipoelezwa aliitikia kwa kichwa, akauliza kama na yeye atapewa kazi. Kwa kuwa mke na mume wote walishinda kazini, akapewa kazi ya mchana: kuwanywesha maji.

Daktari wa mifugo, mwanamke mwenye buti kubwa na sauti ndogo, alipita kuwapa masharti. Fundi alikuwa tayari amemtenga dume lake jeupe kubwa, aliloliita Meneja kwa sababu ya kitambi, ashindane na jike mdogo mwekundu wa mama, ambaye mama alimwita Bibi Harusi kwa jinsi alivyotembea akiinamisha kichwa.

"Hapana, baba," daktari akasema. "Hapo utakuwa umepima dume na jike, mbegu hujaipima. Dume hukua haraka hata kama ni pacha wa huyo jike. Jike anawahi kuweka mafuta, na kilo moja ya mafuta inakula chakula kingi kuliko kilo moja ya nyama. Meneja apambane na dume mwenzake. Huyu bibi naye mtafutie jike wa rika lake."

"Na kila mmoja ale peke yake?" Mama Mizani akauliza.

"Kila mmoja na kizimba chake na kihori chake cha kulia. Asubuhi mnapima mnachompa, na mumpe kizidi kidogo, abakishe. Jioni mnapima alichobakisha. Mkitoa, mnapata alichokula. Usimwangalie aliyenenepa sana. Angalia kila mmoja amekula kiasi gani ili aongezeke kilo moja. Anayetumia chakula kidogo kwa kilo hiyo ndiye wenu."

Maneno hayo yalimwingia Mama Mizani barabara. Fundi naye akatengeneza vizimba kwa mabaki ya vyuma vya karakana, akavichomelea kwa sifa kiasi kwamba vilikuwa imara kuliko mageti ya majirani zake. Alisahau jambo moja tu, au hakuliona kuwa jambo: kati ya kizimba na kizimba aliweka vyuma vilivyoachana, na mkono wa mtu uliweza kupita.

Kazi ikaanza. Asubuhi kabla ya kwenda kliniki Mama Mizani alijaza vihori, kila kimoja kwa kipimo chake. Jioni alikusanya makombo, akayapima, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo ili yeyote anayepita asome. Kila mwisho wa wiki wanakondoo wenyewe walining'inizwa kwenye mfuko wa turubai uliokatwa sawasawa na ule wa watoto wa kliniki. Nao walilia vilevile.

Chaki haikumpendelea mama. Wiki ya kwanza mambo hayakuwa mabaya, lakini kuanzia ya pili wekundu walianza kuaibisha ukoo. Bibi Harusi alikuwa anamaliza kila kitu. Jioni kihori chake kilikuwa kitupu, kimepanguswa, utadhani kimeoshwa, na mwenyewe akipanda mizani mshale haukusogea. Dume mdogo mwekundu, Askari, alikuwa vivyo hivyo. Upande wa pili Meneja alikuwa anakua kama unga uliotiwa hamira, na kwa chakula kilekile alichoandikiwa. Ukipiga hesabu, kila kilo ya Bibi Harusi ilikuwa inakula karibu mara mbili ya kilo ya jike mweupe.

"Wana minyoo hawa," Mama Mizani akasema, akawapa dawa. Haikusaidia. Akaona labda wana njaa, kwa kuwa hawabakishi, akawaongezea. Wakamaliza na hicho. Akaongeza tena.

Fundi alijitahidi asionyeshe furaha. Alikuwa mwana mwema. Lakini alipokuwa akipita mbele ya ule mlango wa stoo alipiga mluzi, na mkewe aliusikia mluzi ule ukimkwaruza rohoni. Alitamani, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kuufuta mshale wa mizani na kuuchora anapotaka yeye. Hakufanya hivyo. Alikaa tu mezani akimwangalia mama mkwe wake akisogeza chakula kwa kijiko, akidokoa, halafu akisukuma sahani kuelekea kwa mjukuu.

"Mama, hujala."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Mama hali sana," fundi akasema. Ndivyo walivyosema siku zote katika nyumba ile. Mama hali sana, mama hapendi vya moto, mama ana tumbo la ndege.

Siku daktari aliporudi, aliusoma mlango wa stoo kama mtu anayesoma tangazo lenye kosa. Akaingia kwenye vizimba. Alimpapasa Bibi Harusi mgongoni na mkiani, akainama kwa Meneja na kuangalia kinyesi chake kwa muda ambao watu wa kawaida hawaangalii kinyesi.

"Kwa nini hawa wekundu hawabakishi?"

"Wanamaliza, daktari. Nimewaongezea mara ngapi, wanamaliza."

"Kondoo mwenye umbo hili, chakula chote hiki, amalize kila siku? Angekuwa amevimba. Mkia wake ungekuwa umejaa. Huu umelegea. Na huyu meneja wenu kinyesi chake ni cha mlafi, wakati mlango unasema anakula kwa adabu." Akajipangusa mikono. "Mama, mimi siwajui watu wa nyumba hii. Lakini chakula hakina miguu."

Kesho yake Mama Mizani aliomba ruhusa kliniki, akarudi nyumbani mchana. Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akavua viatu, na kwa aibu kidogo, maana hakuwahi kumvizia mtu, akasimama nyuma ya stoo.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja katikati ya vizimba, ndoo ya maji pembeni, kibakuli mkononi. Bibi Harusi alikuwa amekula akatosheka, amelala, anacheua. Kihorini mwake mlibaki chakula cha kutosha. Upande wa pili wa vyuma Meneja alikuwa amekwishamaliza chake, amepenyeza pua, analia kwa sauti ya mtu aliyetupwa na ndugu zake.

"Nimesikia, nimesikia," mama alikuwa akimwambia. "Kelele za nini? Mwenzako ameshiba, na wewe utapata." Akakomba kihori cha Bibi Harusi kwa kiganja mpaka chembe ya mwisho, akajaza kibakuli, akapitisha mkono kati ya vyuma. Meneja akanyamaza papo hapo. Kisha mama akahamisha kiti mbele ya Askari, akaanza kukomba na kwake.

Mama Mizani alisimama pale hajui acheke au alie. Kila alichokombewa Bibi Harusi kilikuwa kimeandikwa kwamba amekila. Kila alichopewa Meneja kilikuwa hakijaandikwa popote. Mama alikuwa anawaangusha kondoo wake mara mbili kwa kibakuli kimoja, mchana baada ya mchana, kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama."

Mama akageuka bila kushtuka. "Umerudi mapema. Unaumwa?"

"Siumwi. Mama, unafanya nini?"

"Nawanywesha. Na haya makombo nawagawia wenzao. Yakilala hapa mpaka jioni si yanaingia mavi na nzi?"

"Lakini mama, hayo makombo ndiyo ninayopima."

Mama akaangalia kibakuli chake, akamwangalia mkwewe, akaangalia kibakuli tena. "Nilijua mnapima kondoo," akasema. "Sikujua mnapima na makombo."

Mama Mizani akachuchumaa kando ya kiti. Akamweleza yote, polepole, kama anavyomweleza mama wa mtoto wa kwanza. Akamwambia kwamba kwa mlango ule wa stoo, kondoo wake walikuwa waondoke mwisho wa msimu, na kwamba Meneja alikuwa anawafukuza kwa chakula chao wenyewe.

"Mimi nilidhani ndivyo walivyo," mama akasema. "Wadogo. Basi."

"Na hukuona uchungu? Kumlisha huyu anayewatoa wako?"

"Niliona." Mama akashusha kibakuli magotini. "Lakini analia, mwanangu. Wewe unaweza kukaa na mwenye njaa upande huu, chakula kimebaki upande ule, mkono unafika, usimpe? Mimi siwezi. Sijawahi kuweza. Mnisamehe."

Fundi aliposikia jioni ile alicheka mpaka akaegemea mlango wa stoo, na chaki ikamgandia mgongoni. Halafu kicheko kikamkauka. Aliingia kwa mama yake, akakaa huko kitambo, akatoka. Alichukua mashine yake ya kuchomelea na mabati, akaziba nafasi zote kati ya vizimba. Mluzi hakupiga tena.

Wakafuta mlango, wakaanza upya. Mama aliendelea kuwanywesha, ila sasa makombo aliyaacha, na Meneja akilia alikuwa anaingia ndani na kufungulia redio. Chaki safari hii ilisema kweli, na kweli yenyewe haikuwa ya upande mmoja. Madume walikua haraka kuliko majike, weupe kwa wekundu, kama daktari alivyosema. Meneja alimwacha Askari mbali kwa uzito, hilo halikuwa na ubishi, lakini alikuwa anakula kama kiwanda, na ukigawa chakula kwa kilo walikuwa karibu wanalingana. Bibi Harusi ndiye aliyewashangaza. Alikua taratibu, akajaza mkia wake, akawa anaacha sehemu kubwa ya chakula kila siku. Gharama ya kumweka zizini ilikuwa ndogo kuliko ya mwingine yeyote.

"Majike muwabakize hawa wekundu," daktari akasema, akigonga mlango kwa kidole. "Kondoo mama ni wa kukaa mwaka mzima, chagueni asiyekula stoo yenu. Kwa dume, wabakizeni Meneja na wenzake wawapande, ila wasubirini majike wakomae kwanza, wasije wakazaa kwa shida. Watoto wa kiume watakua haraka, muwauze mapema. Majike weupe ndio waende."

Fundi aliwatazama majike wake weupe, warefu wa mgongo. "Haya," akasema. "Mizani imesema."

Mama alikwenda kwenye kizimba cha Bibi Harusi, akatia mkono chini ya ule mkia mnene, akaupima kwa kiganja, akaubeba kidogo, akauachia. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Asante, wanangu," akawaambia kondoo na watu kwa pamoja. "Asanteni sana."

Jioni hiyo Mama Mizani alikuwa jikoni na mwiko mkononi. Maharage yalikuwa tayari, wali umeiva. Kwa desturi ya nyumba ile mama mkwe ndiye aliyepakua, na ndiye aliyejipakulia mwisho, kilichobaki chini ya sufuria. Sahani zilikuwa zimepangwa mezani, ya fundi, ya binti, yake, na kile kisahani kidogo cha mama, cha kuwekea kikombe.

Mkono wake ukasimama hewani.

Alikumbuka mwaka ule wa maradhi, kitanda karibu na dirisha, mtoto kifuani. Alikuwa anakula sahani yake, na kabla hajaiweka chini inakuja ya pili. "Malizia hii, mimi nimeshiba." Alikuwa anamaliza, kila siku, mchana na jioni, maziwa yakarudi, mtoto akapanda mizani na mshale ukasogea. Akafurahi. Akasema ni dawa. Hakuuliza ile sahani ya pili inatoka wapi, katika nyumba ambayo wakati ule fundi hakuwa na kazi na sufuria ilikuwa moja. Aliuliza tu, siku moja, mbona mama anazidi kupungua, na mumewe akamjibu mama hali sana. Yeye, mtu wa mizani, akaamini. Akaliandika hilo kichwani, na halikufutwa miaka yote hii.

Aliketi kidogo kwenye kigoda. Moyo ulimjaa shukrani mpaka ukauma. Kisha akainuka, akakirudisha kisahani kabatini, akatoa sahani kubwa kama ya fundi, akaijaza wali na maharage mpaka pembeni. Akaipeleka mezani, akaiweka mbele ya mama kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Hii ya nani?" mama akauliza.

"Yako."

"Yote? Mwanangu, mimi si..."

"Mama," akasema, akivuta kiti na kukaa karibu naye, "mtoto ameshanenepa. Nami nimepona. Nimepona kwa chakula chako, na sikuwahi kukushukuru kwa sababu sikujua. Asante. Sasa kula."

Fundi akaacha kunawa. Binti alimtazama mama yake, akamtazama bibi, akaivuta sahani yake mwenyewe karibu, asije bibi akaanza tena mchezo wa kumsukumia.

Mama akashika kijiko. Alikula kwanza kwa haya, akidokoa. Halafu akasahau kudokoa. Alikula kama mtu aliyetoka shambani, kimya, akishusha pumzi kati ya tonge na tonge, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Akaipangusa kwa kidole.

Akaangalia upande wa jikoni.

"Yamebaki kidogo?" akauliza.

Mama Mizani alikuwa ameshainuka na sahani.